Tairi za Mama Feza na Mashine ya Freni

Jumatano ya pili baada ya Pasaka nilimpoteza mdogo wangu Kashindi, kwenye barabara ya kwenda Makobola, pale ambapo mlima unaisukuma njia mpaka ukingoni mwa ziwa. Pamoja naye ilipotea taksi-basi yake nyeupe. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na cheti kipya cha kontrole, yaani ukaguzi wa magari, kinachosema freni nzuri, tairi nzuri, gari linafaa. Kioo kilivunjika. Cheti hakikupasuka, nilikibandua mwenyewe.

Ninyi vijana mnaojifunza umekanika mlikuja matangani, mkakaa nyuma kwa adabu, na siku ya kutawanyika mkaniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya kukagua magari. Mmoja wenu alisema, "Papa Kiza, tuandikie juu ya mashine mupya. Mambo ya zamani tunayajua." Sijui mliyajulia wapi, lakini sawa. Nitaandika juu ya mashine. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka huku na huku. Na mkiona nimesema neno la kuchekesha, msidhani nimemsahau mtu wangu. Kashindi mwenyewe ndiye aliyekuwa akichekesha watu kwenye matanga ya wengine.

Kazi nilifundishwa na Mzee Lubunga. Huyo hakuwa na mashine yoyote ila glasi ya chai. Aliijaza, si mpaka juu kabisa, akaiweka juu ya dashibodi, akakaa kando ya dereva, akamwambia ateremke kuelekea bandari ya Kalundu. Mimi nilikaa nyuma. Katikati ya mtelemko Mzee alipiga kelele, "Simama!" Chai ikimwagikia mbele, freni ni nzuri. Ikimwagikia kulia, gurudumu la kushoto linashika kabla ya mwenzake, gari litakutupa siku ya mvua. Ikimwagikia kushoto, ni lile la kulia.

"Na kama haikumwagika hata kidogo, Mzee?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hapo ushuke mbio, mutoto, maana gari ingali inaenda."

Dereva mmoja wa lori la mihogo alifika katikati ya mtelemko, akachukua glasi, akainywa yote. Yule akasema, "Asante, papa. Ila sukari iko kidogo." Ilibidi tupande tena, tutafute chai nyingine, na tulipojaribu mara ya pili chai yote iliishia kwenye suruali ya Mzee. Alimkatalia. Dereva alilalamika mjini kwamba amekataliwa kwa sababu ya suruali.

Kutoka kwa Mzee Lubunga nilijifunza kutumia macho, na hayo ndiyo nitakayowaachia kwanza kabla sijafika kwenye mashine. Tairi ikilika upande wa ndani tu, usimwuzie mtu tairi, mrekebishie magurudumu yatazame mbele. Freni ikilia kama panya, plaketi, vile vibao vinavyobana gurudumu, zimekwisha. Ikinyamaza ghafla baada ya kulia siku nyingi bila mtu kuigusa, usifurahi. Na ukiona gari limejaa vumbi, lakini nati za magurudumu zinang'aa, jiulize nani amezifungua asubuhi hii na kwa nini. Gari linaloteremka kutoka Rurambo linakuja na udongo mwekundu mpaka madirishani. Likija na udongo madirishani na magurudumu masafi kama sahani za arusi, basi magurudumu hayakuwa Rurambo.

Mashine ilipokuja, ilikuja na utepe. Kulikuwa na viti vya wageni, padri na mchungaji wakaomba mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliomba kwa urefu ili asishindwe na mwenzake. Injinia kijana aliyetoka mbali ndiye aliyetuonyesha. Ni ngoma mbili za chuma zilizofukiwa sakafuni. Gari linaweka magurudumu juu yake, ngoma zinayazungusha, dereva anakanyaga freni, na kwenye kioo cha kompyuta mishale miwili inapanda: wa kushoto na wa kulia. Ikipanda pamoja, vizuri. Mmoja ukibaki chini, ndio ile chai iliyomwagikia upande.

Siwezi kuisema vibaya mashine ile. Wiki ya kwanza Mzee Lubunga alikuja na fimbo yake kuitazama. Alileta gari la jirani yake, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipima kwa chai na kulipenda. Mshale wa kushoto wa nyuma haukupanda. Mzee akasema mashine imechoka na safari. Injinia hakubishana, alilegeza gurudumu, akalitoa, akamwonyesha. Mafuta yalikuwa yamevuja ndani, freni inateleza. Mzee aligusa, akanusa kidole.

"Iko na haki," alisema. Halafu akamgeukia injinia. "Sasa, mwanangu, chai munaweka wapi?"

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta, akaagiza chai, na wakanywa wote wawili wakiwa wamekaa kando ya zile ngoma. Yule kijana alikuwa mtu mwema na kazi yake aliijua. Shida haikutoka kwake wala kwa mashine.

Kulikuwa na kifaa kingine cha kupima taa. Hicho maisha yake yalikuwa mafupi. Magari mengi ya huku kwetu yana usukani kulia, yametengenezwa kwa nchi ambako watu wanapita kushoto, na taa zake zinamulika kushoto. Sisi tunapita kulia. Kwa hiyo taa hizo zinamwingia machoni yule anayekuja mbele yako. Kifaa kiliyaona hayo siku ya kwanza, kikakataa gari la kwanza, la pili, na yote yaliyofuata, mpaka kikakataa gari la mgeni mkubwa aliyekuja kukata utepe. Mgeni aliuliza kwa upole kama kifaa hicho kimezoea hali ya hewa ya hapa. Siku iliyofuata kifaa kiliwekwa kabatini ili kizoee. Nafikiri bado kinazoea.

Mashine ya freni ilibaki. Ilitaka umeme, na umeme wa kwetu mnaujua. Madereva walijifunza haraka: walikaa wakisikiliza mashine ya kusaga ya mtaani. Ikianza kuunguruma, umeme umerudi, na magari yote yanakimbilia kontrole kwa mwendo ambao, kama tungekuwa tunapima mwendo, tungeyakataa yote mlangoni.

Sasa nifike kwa Mama Feza.

Mama Feza anakaa Kilibula na anakodisha viti na maturubai. Hakuna arusi wala matanga ya mtaa huo ambako hamkukalia viti vyake. Ni viti vya plastiki, kila kimoja kina mchirizi wa rangi nyekundu mgongoni ili visichanganyike na vya wengine. Mama huyu ni mwema. Mtu akifiwa bila kitu, viti vinakuja hivyo hivyo. Mashine ilipokuja, madereva walianza kulia kwake kama kwa mama yao, naye akatafuta tairi nne nzuri, kamili na rimu zake, na plaketi za freni zilizofungwa kwenye kitambaa. Akazipaka tairi mchirizi uleule mwekundu. Asubuhi fundi anazifunga kwenye gari lako, unakwenda kontrole, mashine inakusifu, unarudi Kilibula, zinafunguliwa, anakuja mwingine. Tairi zako za zamani zinakungojea uani, zimekaa kwenye viti.

Kwa hiyo magari ya mji mzima yalikuwa na afya ileile moja, yakipokezana.

Nilikwenda kumwona.

"Mama Feza, hii si vizuri."

"Papa Kiza, karibu, kaa. Muntu akienda ku arusi na suti ya kuazima, padri anamukatalia?"

"Padri hamwambii abebe abiria kwa hiyo suti."

"Weye na maneno yako!" Alicheka, akanipa ndizi. "Minye nasaidia tu. Wakikosa cheti, polisi anawala. Polisi akila, watoto watakula nini?"

Nilikula ndizi. Nilikuwa na jibu la tairi tu, na hilo alikuwa amelisikia.

Asubuhi moja kabla ya Kwaresima, kwenye foleni ya kontrole niliona taksi-basi ya Kashindi. Vumbi mpaka juu ya paa, nati zinang'aa. Niliinama. Mchirizi mwekundu, gurudumu la mbele. Mchirizi mwekundu, la nyuma.

"Kashindi."

"Yaya," aliitika, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Tairi hizi ni za nani?"

"Yaya, usianze. Watu iko nyuma yangu."

Watu walikuwa nyuma yake kweli, na wote walitazama pembeni, kwa sababu kila mmoja alikuwa akingojea zamu yake ya tairi hizo. Aliyekuwa nyuma kabisa ni Songolo, dereva kijana wa njia ya Kamanyola, amekuja kwa miguu bila gari, kuhakikisha tu kwamba Kashindi hachelewi.

Gari likapanda juu ya ngoma. Mishale ikapanda pamoja, mizuri kama mapacha. Kashindi akapiga saluti ndani ya gari na foleni ikacheka. Nilikwenda kwa shefu wetu, mkubwa wa kazi.

"Shefu, tairi hizi si zake. Na plaketi pia."

"Zinashika?"

"Zinashika."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mchana zitakuwa kwenye gari lingine."

"Papa Kiza, mashine inapima gari iko hapa sasa. Haipimi mchana."

"Basi mimi sisaini."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyepotea njia ya nyumbani. "Papa, saini ilishaondolewa. Hawakukuambia?"

Hawakuniambia. Zamani hakuna cheti kilichotoka bila mkono wangu. Sasa kilitoka chenyewe kwenye mashine, na pembeni kina kijisanduku cheusi cha vidoti vidogo ambacho polisi wa barabarani anapaswa kukisoma kwa simu, ili mtu asighushi. Na kweli hakuna aliyeghushi. Kila cheti kilikuwa cha kweli. Polisi naye hakuwa na mega za intaneti kwenye simu yake, kwa hiyo alivisoma vidoti kwa macho, akaitikia kwa kichwa, na kupungia gari lipite.

Nilimkuta Kashindi nje akibandika cheti chake.

"Yaya, umeniaibisha mbele ya watu."

"Zibakishe tairi hizo. Nenda kwa Mama Feza, umwambie unazinunua pole pole. Nitazungumza naye mimi."

"Nizibakishe namna gani? Songolo anangojea. Nimemupa neno langu."

"Mpe neno lingine."

"Yaya," alisema, na hapo hakuwa akitania tena, "weye unataka nipite mbele ya wenzangu wote na tairi zao? Nitaitwa nani?"

Hilo ndilo nataka mlielewe, vijana. Hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Tulivyolelewa na mama yetu, kurudisha ndio heshima yenyewe. Nilimwomba basi alilaze gari mpaka apate plaketi zake. Akaniambia ndiyo, kama mdogo anavyomwambia mkubwa ndiyo. Mkewe Sifa alinitumia ujumbe jioni: "Shemeji, unatutakia mabaya gani?" Familia nzima ilikubaliana kwamba nina roho ngumu. Haikunishangaza. Muda wangu wa kustaafu ulifika mwezi huo, nikatoka kazini, na mashine haikuuliza nimekwenda wapi.

Kilichotokea Jumatano ile sikukiona. Naandika nilichoonyeshwa. Mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa ameshusha abiria, amebaki peke yake. Kwenye kona, wanawake waliotoka soko na vikapu vyao walikuwa wanavuka. Wote ni wazima hata leo, wawili walikuja matangani. Gari lilitoka njiani upande wa ziwa, likaishia kwenye mawe ya ukingoni.

Nilipofika niliinama, kwa mazoea. Udongo ukiwa umelowa, gari linalofunga freni linaacha mistari mirefu. Hapakuwa na mistari. Palikuwa na alama ya usukani uliogeuzwa, fupi, halafu majani. Tairi zake mwenyewe zilikuwa laini kama kipara. Nilifungua gurudumu moja: plaketi zimekwisha, chuma kwa chuma. Watu wanasema aliwahurumia wale wanawake akachagua ziwa. Inawezekana, alikuwa na moyo huo. Mimi najua tu kwamba freni ilikataa na usukani ukakubali. Mengine sikuyaona kwenye udongo.

Matanga tuliyafanyia kwangu. Viti vya Mama Feza vilikuja kabla hatujaviomba. Nilipokaa, mbele yangu kulikuwa na safu ya migongo ya watu, na chini ya kila mgongo mchirizi mwekundu. Nilitazama hiyo rangi siku zote za matanga. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mama Feza mwenyewe hakukaa kwenye kiti chake hata kimoja. Alikaa kwenye mkeka kando ya Sifa, amefunga kitenge kichwani, hakupiga kelele kama wengine. Sifa hakumfukuza. Wala mimi.

Siku ya kutawanyika, mlipokuwa ninyi mnasaidia kupanga viti, Songolo alikuja akachuchumaa mbele ya Mama Feza, karibu na nilipokaa. Alikuwa amelia kweli, macho yalikuwa mekundu.

"Mama, pole sana. Kashindi alikuwa mukubwa wangu."

"Asante, mwanangu."

"Mama." Akashusha sauti. "Sasa, Jumatatu narudi kontrole. Ile mara ya kwanza taa ya nyuma haikuwaka, wakanirudisha. Naomba tena zile tairi. Ni asubuhi tu."

Mama Feza alikaza kitenge chake kichwani. Nilidhani hakusikia.

"Kuja leo," alisema.

"Leo? Mama, kontrole ni Jumatatu."

"Leo. Na plaketi. Halafu usirudishe."

Songolo alitabasamu kidogo, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. "Nisirudishe? Sasa wenzangu watapita na nini?"

"Na zao."

"Zao!" Alinigeukia. "Papa Kiza, musaidie Mama. Ni uchungu unamusemesha. Mimi nitaonekana muntu gani? Kila muntu atasema Songolo amekula tairi za watu."

"Zichukue, mwanangu," nilisema.

"Lakini, Papa..."

"Songolo," Mama Feza alisema, na sauti yake haikupanda, "siku utakapozirudisha, uniambie na viti nikuletee vingapi."

Aliinuka. Hakujua aende mlangoni au abaki. Mwishowe alikwenda, na mimi nilimwona akipita katikati ya viti akivigusa kimoja kimoja bila kuviangalia.

Jumatatu sikwenda kontrole. Sina kazi huko. Alhamisi ya wiki hiyo nilisimama karibu na daraja la Mulongwe nikinunua samaki wadogo wa sambaza, na nikasikia honi. Ni Songolo, gari limejaa abiria, anaelekea Kamanyola. Alinipungia mkono. Niliinama pale pale, mwuza sambaza akadhani nimeangusha kitu.

Magurudumu ya mbele bado yalikuwa na mchirizi mwekundu. Ya nyuma sikuyaona vizuri, vumbi lilikuwa jingi.